Tela la wazi likikusumbua: kusafirisha gari kongwe la resi kutoka Unguja na Pemba

Mashindano makubwa ya magari ya ukanda wetu yako Bara. Safari Rally, iliyoanza 1953, ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na ndiyo iliyoyapa heshima magari ambayo wapenzi wa vikongwe wanayatafuta mpaka leo: Volkswagen iliyoshinda 1957 na 1962, Peugeot 404 iliyoshinda 1963, Datsun 240Z ya 1971. Mtu wa visiwani mwenye gari la namna hiyo ana kazi ya ziada kabla ya kuona vumbi la mashindano. Lazima alipandishe kwenye tela, alifikishe bandari ya Malindi mjini Unguja au ya Mkoani Pemba, livuke maji, kisha barabara ya Bara imngoje upande wa pili.

Hapa nazungumzia tela la kawaida: chesisi ya chuma, ekseli moja au mbili, njia mbili za magurudumu, hakuna paa wala kuta. Wako wanaolidharau na kutamani matela ya sanduku yanayofungwa mlango. Mimi nalipenda la wazi, kwa sababu halifichi kitu. Mkanda ukilegea unauona kwenye kioo, tairi likishuka upepo unaliona, na kitovu cha gurudumu unakigusa kwa mkono kila ukisimama. Tatizo lake ni kwamba dalili na chanzo mara nyingi haviko mahali pamoja, na mtu anaweza kuhangaika na mkia wa tela siku nzima kumbe kasoro ilikuwa namna gari lilivyopakiwa.

Tela linatikisa mkia

Hii ndiyo dalili ya kuogopa kuliko zote. Unatembea vizuri, unafika mteremko au unapitwa na lori, mara unahisi mtu anavuta nyuma ya gari lako kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena, na kila mara kwa nguvu zaidi.

La kwanza ni la kufanya papo hapo: ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, acha mwendo upungue wenyewe. Usikanyage breki ghafla, na usijaribu kulinyoosha tela kwa kuongeza mwendo. Kijana mmoja wa Jambiani aliniuliza, "Ami, nikikimbia kidogo si linatulia?" Hapana, mwanangu. Kila unavyoongeza mwendo ndivyo mtikiso unavyopata nguvu, na ukikanyaga breki za gari la mbele peke yake, tela zito linakusukuma likiwa upande.

Likitulia, simama na utafute chanzo. Mara nyingi sana ni uzito mdogo mno mbele. Tela linataka mkono wake, ule wa mbele unaofungwa kwenye gari, uelemee gari linalovuta. Mimi nafuata karibu moja ya kumi ya uzito wote, yaani tela na gari lililo juu yake kwa pamoja, bila kuzidi kiwango kilichogongwa kwenye nundu ya chuma ya kukokotea au kilichoandikwa kwenye karatasi za gari. Tela la kilo 500 likibeba gari la kilo 800, jumla ni 1,300, basi mbele panatakiwa paelemee kwa kilo mia na kitu.

Utapimaje? Pemba jibu liko karibu kila mahali: mizani ya magunia, ile ya jukwaa inayopimia karafuu. Weka tela mahali pa sawa, zuia magurudumu, weka gogo juu ya jukwaa la mizani ili mkono wa tela ukae kwenye kimo kilekile unachokaa ukiwa umefungwa kwenye gari, kisha ushushe hapo. Soma. Kimo kina maana yake, kwa sababu tela likiinama mbele au nyuma mizani itakupa namba nyingine.

Ukiona pungufu, sogeza gari mbele. Si lazima usogeze sana. Kwenye tela ambalo kutoka ekseli hadi nundu ni mita 4, gari la kilo 1,000 likisogezwa sentimita 10 tu hubadilisha uzito wa mbele kwa kilo 25. Ndiyo maana napiga alama ya rangi sakafuni mahali gurudumu la mbele linapokaa, ili safari ijayo pasiwe na kubahatisha.

Volkswagen ya mgongo wa kobe ina taabu yake. Injini iko nyuma. Mtu akilipandisha kwa mbele kama anavyopandisha Peugeot, uzito wote unaangukia mkiani, na tela litacheza hata kwa mwendo wa kilomita 50. Lipandishe kinyumenyume. Wengine huona haya gari la resi likitazama nyuma, lakini hakuna haya hapo, ndivyo linavyotakiwa kukaa.

Kama uzito uko sawa na bado linayumba, angalia upepo wa matairi ya tela na ya nyuma ya gari linalovuta, kisha ekseli kama imejipinda, kisha boli zinazoshika springi. Na kabla ya yote hayo jiulize kama kuna mtu aliyetupia jeki, sanduku la vyuma na matairi ya akiba nyuma kabisa ya tela baada ya wewe kupima.

Kunagonga kwenye kiungo kila unapopunguza mwendo

Matela yetu mengi yameingia yametumika, mengine ya Ulaya, mengine ya Marekani. Nundu ya Ulaya ni milimita 50. Ya Marekani iliyozoeleka ni inchi 2, yaani milimita 50.8, na iko nyingine ndogo zaidi ya karibu milimita 47.6. Kikombe cha tela, kile kinachoifunika nundu, kikiwa cha inchi 2 juu ya nundu hiyo ndogo kitaonekana kimefunga, kisha kitachomoka kwenye tuta. Soma namba iliyogongwa juu ya nundu na iliyogongwa juu ya kikombe. Zisipolingana usiondoke, hata kama fundi amekuambia inashika.

Zikilingana na bado panagonga, geukia breki za kujisukuma, zile zinazofanya kazi tela linapolisukuma gari la mbele. Ndani ya mkono wake mna kizuia-mshtuko. Kikifa, mkono huingia na kutoka kwa kishindo. Sukuma mkono ule kwa nguvu huku tela limezuiwa. Ukiingia mlaini bila ukinzani, kizuia-mshtuko kimekwisha. Ukikataa kabisa kuingia, kutu imekamata, na maana yake tela halina breki. Ulaya tela lisilo na breki huruhusiwa hadi uzito wa kilo 750 tu kwa jumla, na hakuna gari kongwe la rali na tela lake vitakavyokaa chini ya hapo. Sioni kwa nini sisi tujiwekee kiwango cha chini zaidi cha usalama.

Kitovu cha gurudumu kimechemka

Kila ninaposimama napitisha mgongo wa mkono karibu na vitovu vyote vya tela, kisha nagusa. Joto la uvuguvugu ni la kawaida. Ukishindwa kuacha mkono, kuna jambo.

Tazama joto limekaa wapi. Likiwa katikati, kwenye kifuniko cha kitovu, ni beringi. Likiwa zaidi pembeni, kwenye duara la ngoma ya breki, ni breki inayoburuta. Kitovu kimoja kikichemka na kingine cha upande wa pili kikiwa baridi, kasoro ni ya gurudumu hilo. Vyote vikichemka sawa, umezidisha mzigo, au breki ya mkono ya tela hukuiachia yote.

Kuhusu beringi, visiwani tuna adui tunayemleta wenyewe. Tela moja hufanya kazi mbili, leo boti ya faiba kwenda pwani, kesho gari. Ukirudisha tela majini Mkokotoni au Nungwi, vitovu vinazama vikiwa bado vina joto la barabarani. Hewa iliyomo ndani ilikuwa imetanuka. Ikipata maji baridi inasinyaa ghafla na kuvuta maji ya chumvi kupitia sili ya nyuma. Grisi inageuka rangi ya maziwa. Tela likikaa kivulini wiki kadhaa, rola za beringi zinapata vidoa vya kutu, na siku ya safari ndefu vidoa vile vinasagana hadi beringi inakatika na gurudumu linakupita barabarani.

Inua gurudumu kwa jeki, lizungushe taratibu na usikilize. Beringi nzima haina sauti ya kukwaruza. Kisha shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza waziwazi, nati imelegea au beringi imeliwa. Fungua kifuniko uangalie grisi. Ikiwa nyeupe kama tui, usiongeze mpya juu yake. Toa yote, osha beringi kwa mafuta ya taa, kausha, tazama kila rola kwenye mwanga. Yenye kidoa haifai, hata kidoa kiwe kidogo kama punje ya mtama. Nzima ijaze grisi ya beringi kwa kuikandamiza kwenye kiganja mpaka grisi itokeze upande wa pili katikati ya rola. Tia sili mpya. Kaza nati huku ukizungusha gurudumu mpaka lianze kuwa zito, kisha irudishe nyuma kidogo mpaka lizunguke bure likiwa na mchezo mdogo mno, halafu pini mpya. Pini ya zamani iliyonyooshwa kwa nyundo hukatika.

Mwenye uwezo atenge tela la boti na tela la gari. Asiye na uwezo aache tela lipoe kabla ya kuingia majini, na afungue vitovu kabla ya safari ya gari, si baada yake.

Tairi linapasuka ingawa kashata zake bado nzuri

Matairi ya tela hufa kwa uzee zaidi kuliko kwa kuliwa. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya duara lenye umbo la yai: 3214 ni wiki ya 32 ya mwaka 2014. Tairi lililokaa juani Fuoni miaka kumi lina nyufa nyembamba ubavuni hata kama halijatembea kitu. Sababu nyingine ni upepo mdogo. Tairi laini hupinda ubavu kila linapozunguka, hupata joto, na joto ndilo linalolipasua. Jaza kufuatana na uzito, kwa kiwango cha mtengenezaji wa tela au kilichoandikwa ubavuni, na ujaze asubuhi likiwa baridi.

Likiliwa ukingo mmoja tu, ekseli imepinda. Na beba tairi la akiba la tela lenyewe. La gari linalovuta mara nyingi halina matundu yanayolingana.

Mikanda imelegea kabla hujafika popote

Ukitoka Makunduchi kuja mjini unapita Kitogani, kisha msitu wa Jozani, na pale kuna matuta yaliyowekwa ili magari yasiwagonge kima punju. Ni mahali pazuri pa kujua kama ulifunga vizuri. Mara nyingi mikanda iliyokuwa imekaza kama waya wakati wa kuondoka, ukivuka matuta yale inaning'inia.

Chanzo ni mahali ulipofunga. Ukifunga kwenye bodi au chesisi, unavuta bodi chini dhidi ya springi zake. Kwenye tuta springi inabonyea zaidi, mkanda unapwaya kwa nukta moja, kulabu inachomoka au racheti, kile kikazio cha mkanda, inarudi jino. Magari ya zamani yana springi laini na ndefu, kwa hiyo hili linayapata kuliko gari jipya. Funga magurudumu, au ekseli, na uache bodi icheze juu ya springi zake kama ilivyoumbwa kucheza. Mkanda uzunguke tairi kutoka mbele na nyuma, ushike sakafu ya tela.

Ukifunga kwenye ekseli, chungulia kwanza kwa tochi. Juu ya ekseli ya nyuma ya magari mengi ya zamani hupita bomba jembamba la breki, limeshikwa kwa vibanio vya bati. Mkanda ukikaa juu yake utalibana, na utajua siku utakayokanyaga breki kwenye mashindano. Gari lenye rimu za waya usipitishe mkanda kwenye waya zile.

Mikanda minne, kila mmoja ukivuta kona yake, miwili kwenda mbele na miwili kwenda nyuma, ikiinama karibu nyuzi 45. Ile ya nyuma ipishane msalaba, ili gari lisitambae upande. Kila mkanda uwe wa poliesta, maana nailoni hunyumbuka. Kamba ya makumbi ni hodari kwa kazi zake za shamba na chombo, lakini usiitegemee kushika tani moja ya chuma. Mkanda uliokatika na kufungwa fundo uutupe: fundo peke yake linakula karibu nusu ya nguvu. Uliopauka kwa jua na kuanza kutoa manyoya nao ni hivyohivyo.

Mkanda ukivuma njiani kama nyuki, usiukaze zaidi. Upe msokoto mmoja tu kabla ya kuufunga, upepo hautaupigisha.

Simama baada ya kilomita chache za kwanza, kaza tena mikanda, kaza na nati za magurudumu ya tela. Halafu Tunguu tena.

Wakati wa kupakia: gari linasugua tumbo, au tela zima linatembea

Gari la resi liko chini. Linapofika pale njia ya kupandia inapokutana na sakafu, tumbo au bomba la moshi linakwama. Dawa si kukanyaga mafuta. Rudisha mkia wa tela kwenye tuta la udongo au ukingo wa ardhi ulioinuka, ili mguu wa njia ya kupandia ukae juu. Pemba ardhi yenyewe imekufanyia kazi hiyo, hukosi ukingo. Mahali tambarare kama Paje ongeza urefu wa njia kwa mbao nene, na uweke gogo chini ya mbao katikati zisikatike.

La pili ni la hatari na wengi hawalijui. Gari linapopanda mkia wa tela, mkia unashuka na mkono wa mbele unainuka, na unainua nyuma ya gari linalovuta. Breki ya mkono ya magari mengi inashika magurudumu ya nyuma. Magurudumu hayo yakipungukiwa uzito hayashiki kitu, na gari pamoja na tela vinaanza kuteremka huku mtu yuko juu ya njia ya kupandia. Weka miguu ya kuegemea au magogo chini ya mkia wa tela kabla ya lolote, na vizuizi kwenye magurudumu ya gari linalovuta. Ukitumia winchi, watoto na watazamaji wakae mbali na mstari wa waya. Visiwani watazamaji hawakosekani.

Taa zinachanganyikiwa

Ukiwasha indiketa ya kushoto, taa zote za tela zinapepesa, au ya breki inafifia. Usianze kubadilisha balbu. Hiyo ni ethi. Umeme ukikosa njia yake ya kurudi unatafuta njia kupitia balbu nyingine. Wengi wameacha tela lirudishe umeme kupitia nundu na kikombe, na vyote vimepakwa grisi. Vuta waya maalumu wa ethi kutoka kwenye plagi hadi kila taa, usugue chuma mpaka king'are pale unapofunga, kisha paka grisi juu ya kiungo. Pini za plagi zikiwa na ukungu wa kijani, ni chumvi ya bahari; sugua kwa msasa laini, paka vaselini.

Gari linalovuta linachemka kwenye milima ya Pemba

Baina ya Wete, Chake na Mkoani barabara haiachi kupanda na kushuka. Gari la otomatiki liache kwenye gia ya chini, uzime kile kitufe cha gia ya juu, na ushuke kwa gia uliyopandia. Ukisikia harufu ya breki mteremkoni, simama zipoe, usimwagie maji.

Gari limefika lakini limelowa, lina chumvi, na haliwaki

Bahari baina ya Pemba na Bara ni kina kirefu, na wakati wa kusi meli inayumba vya kutosha. Gari likae kwenye gia, breki ya mkono ya tela na ya gari zote juu, vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu ya tela, na mikanda ikazwe tena baada ya tela kusimama sitahani. Tangi la petroli lisijae, robo inatosha. Matangi ya zamani yana tundu la kupumulia, na meli ikilala upande petroli hutoka hapo.

Kabureta isiyo na chujio izibe mdomo kwa kitambaa safi na mfuko, bomba la moshi nalo lizibwe. Funga utepe mwekundu kwenye usukani ili mtu asiwashe injini kabla ya kuvitoa. Turubali sipendi kwenye tela la wazi: likipigwa na upepo linasaga rangi kwa mchanga uliojificha chini yake, na baada ya saa moja limefanya madhara kuliko mvua. Wakati wa masika funika kiti na dashibodi peke yake, kwa kitu kinachobana, na uache bodi ilowe.

Ukishuka bandarini, jambo la kwanza ni maji matamu, mengi, chini ya gari kuliko juu: ngoma za breki, springi, viungo vya usukani, na tela lenyewe. Kwa wa Makunduchi na Jambiani, mkirudi nyumbani chukueni madumu ya maji kutoka mjini, kwani visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi na kuoshea gari kwa hayo ni kurudia tatizo. Injini ikikataa kuwaka baada ya hapo, fungua kifuniko cha distribyuta kabla ya kugusa kabureta. Mara nyingi utakuta unyevu mwembamba ndani yake. Ufute kwa kitambaa kikavu, kausha na nyaya za plagi, ujaribu tena.